Kuku Tulipikia Wazungu ya Maziwa

"Hapana, baba. Usiniambie tena asema mugeni anapashwa kula. Ile najua. Nilizaliwa mu hii nyumba, nimeona mama anachinja kuku yake ya mwisho juu ya muntu mwenye alipita tu kusalimia. Ile sikatai. Nasema hivi: wale wageni hawakuja kula. Walikuja kuangalia njaa, na sisi tukawaficha njaa, na mimi njo nilikuwa najua."

Vile njo nilimujibu baba yangu ile siku, muchana, tulikuwa tumeisha kula. Baba iko karani ku gare ya treni ya Kindu. Alikuwa bado na koti yake ya kazi, juu saa nane anapashwa kurudia. Anasemaka pole pole, sawa muntu anapanga makaratasi.

"Binti yangu, hakuna muntu mu dunia anaonyesha mugeni vidonda yake. Mama yako mudogo alifanya vizuri. Weye pia ulifanya vizuri. Kama wazungu walipeleka maziwa yao pengine, ile ni maneno ya wazungu."

"Ni maneno yetu."

"Punguza sauti. Iko hapa inje."

Alikuwa anasema juu ya mama mudogo, mudogo ya mama yangu. Alikuwa inje mu kiwanja, anatwanga sombe, majani ya muhogo ya kula mangaribi, na mutoto yake wa mwisho alikuwa amelala ku mukeka karibu naye. Walikuwa wametoka ku kijiji kwa mutumbwi, sasa siku ine. Yule mutoto ni mwanamuke, iko na miaka tatu, na kwa desturi yetu simwiti mutoto ya mama mudogo, ni mudogo yangu tu. Miguu yake ilikuwa imevimba. Ukifinya na kidole, shimo inabakia pale. Nywele yake iligeuka rangi sawa ndevu ya mahindi. Na hakuwa analia tena. Ile njo iliniogopesha zaidi: nzi inatembea pembeni ya jicho, mutoto anaiangalia tu.

Jana yake tulikuwa tumemupeleka ku hospitali ya watu weusi. Munganga mwenye alitupokea ni muntu ya hapa hapa, hana ubaya. Alimufunua mutoto, akamufunika, akatwambia: "Huyu anataka maziwa. Kila siku, miezi mingi. Dawa ingine hakuna." Tukamuuliza maziwa iko wapi. "Ya unga iko, inapita hapa Kindu kila wiki. Lakini ni ya vijiji yenye iko ku liste. Munatoka wapi?" Mama mudogo akataja. Munganga akapitisha kidole ku karatasi, akarudia juu, akapitisha tena. "Haiko. Kwenu hapa waliandika: afya nzuri."

Mama mudogo akauliza, "Nani aliandika?"

Mimi nilikuwa naangalia chini.

Na leo, wakati ya kula, baba akatuelezea vile muntu anaelezea habari ya kazi: asubuhi walishusha mifuko ya maziwa ku treni, mizuri, myeupe, na maandiko ya bleu, wakaipandisha mu kamyo mbili ya kwenda Punia. Alikuwa anasifia mifuko. Njo maana nilisukuma sahani yangu.

Mambo ilianzia ku masomo ya masista. Siku moja sista mukubwa alinitosha mu darasa ya kushona, akanipeleka ku barza. Walikuwa wazungu wawili wenye sijaona: dokteri mwenye miwani munene, na madamu murefu, kiatu yake ya kitambaa sawa ya mwanaume. Sista akasema hawa si Wabeleji. Walitumwa na mukutano ya mataifa mengi yenye inatunza watoto mu dunia nzima, na serikali imewaruhusu kupita kwetu. Watu ya soko walikuwa tayari wamewapa jina, wazungu ya maziwa, juu mifuko ya kwanza iliwatangulia ku treni. Walikuwa wanatafuta musichana mwenye anajua kifaransa, juu mama ya kijiji akiulizwa na karani ya biro ya serikali anajibu tu "ndiyo bwana", hata kama nyumba inaungua.

Nilikuwa na kiburi ile siku, mupaka kifua inaniuma. Madamu alisema nami kwa kifaransa, tena bila kunipigia kelele sawa wengine wanafanyaka kama kwamba masikio yetu imeziba. Alisema: "Tutaangalia vijiji tatu tu. Pale watoto iko wagonjwa juu ya kukosa chakula, pale tutaweka nyumba ya maziwa. Sitaki kiwanja ya kufagia. Sitaki kuimbiwa. Nataka kuona watoto. Utangulie, uwaambie wamama vile." Akanilazimisha nirudilie. Nikarudilia yote, neno kwa neno. Akasema bon, vizuri.

Kijiji ya pili ku ile tatu ilikuwa ya mama mudogo.

Nilitangulia na mutumbwi, tukafuata maji upande ya Lokandu, kisha saa nzima ya miguu mu jua. Nikifika, nakuta watu wote iko mbio. Neno ya bwana ajenti ilikuwa imefika mbele yangu. Bwana ajenti ni kijana Mubeleji ya serikali. Siku zingine anakujaka na kamba kupima mashamba ya pamba, na muntu mwenye shamba yake iko na majani anakwenda ku buloko, anafungwa. Alikuwa ametuma kapita, musimamizi yake ya pamba, asema: fagieni, pakeni nyumba pemba, udongo myeupe, wageni wakubwa wanakuja. Na watu wakasikia neno moja tu, wageni. Hakuna muntu aliuliza wageni ya nini.

Muke mukubwa ya shefu, mukubwa ya kijiji, alikuwa anakusanya kuku, kila nyumba moja. Mwenye hana alikimbia kuomba kwa wakwe. Mama mudogo alitoa kuku yake jike, ile ya mayai. Muchele haikutosha, wakafungua kifuko ya mupunga ya mbegu, ile ya kupanda mvua ikianza, wakaitwanga. Niliona na macho yangu. Watoto wenye iko na mwili muzuri waliogeshwa, wakapakwa mawese mupaka wanangaa, wakaambiwa kesho mutakaa mbele. Wengine walipelekwa na mumama mumoja muzee ku vibanda ya mashamba ya mbali. Hakuna muntu aliwafukuza kwa ubaya. Ilikuwa sawa vile unatosha nguo chafu ku kamba wakati mugeni anaingia.

Nikakwenda kwa muke ya shefu. Alikuwa kati ya wanawake, mikono yake yote imejaa manyoya.

"Ee! Mutoto ya masista! Umekuja kutufundisha kupika?"

"Mama, wageni wanataka kuona watoto wagonjwa."

Muke ya shefu akacheka, kicheko yake ile ya tumbo.

"Wanataka wagonjwa, waende hospitali. Hapa ni kwa watu. Weye mugeni akifika kwenu, unamupitisha kwanza ku choo mbele ya kumupa kiti?"

Wanawake wakaanguka na kucheka. Mumoja akasema, "Mwacheni, kifaransa imemuchosha." Mwingine: "Mama, umutafutie muchumba, atatulia."

Nikakasirika. Jua ilikuwa imenipiga, miguu ilikuwa inaniuma, hakuna muntu alikuwa amenipa hata kiti ya kukaa. Nikasema: "Fanyeni vile munapenda." Nikaondoka.

Njo ile tu. Madamu alinipa maneno mbili: wanataka kuona wagonjwa, na pale iko wagonjwa njo maziwa itabakia. Mimi nilisema neno ya kwanza, ya pili nikarudi nayo mu kinywa juu walinicheka. Kama ningesimama pale kidogo tu, wangecheka mupaka wachoke, na kisha mumoja angeuliza juu ya nini. Wanawake ya kule si wajinga. Ni mimi sikuwa na subira ya kuchekwa.

Nikaingia kwa mama mudogo. Alinipokea ku mulango ya jikoni, akaufunga nyuma yangu. Mutoto alikuwa mule, ku moshi. Mimi nilikuwa sijamuona tangu miezi, na nikishika mukono yake nilijua palepale.

"Usimwambie muntu," akasema.

Alikuwa na mimba, mukubwa tayari. Kwetu, mutoto akivimba miguu na nywele ikigeuka mbele ya wakati ya kuachishwa ziwa, watu hawaulizi alikula nini. Wanahesabu. Wanasema baba na mama walirudiana mbele ya siku, hawakungojea mutoto akomae, maziwa ikaharibika. Mama mukwe yake alikuwa tayari anamutupia maneno ku shamba, anaimba huku analima, kila muntu anajua anaimba juu ya nani.

"Wazungu watauliza huyu iko na nini," akasema, "na wale wanawake watajibu ni mimba, mbele ya shefu. Na weye njo utafasiria. Utaweza?"

Mimi nilikuwa na jibu mu daftari yangu ya usafi na afya. Sista alituandikisha: ile ugonjwa inatokea kama mutoto anakula muhogo kila siku bila maharagi, bila samaki, bila maziwa. Nilipata kumi juu ya kumi. Na juu ya nini muhogo kila siku? Juu mvua ya kupanda maharagi njo ile ile mvua ya kupanda pamba, na pamba iko na kapita na kamba na buloko, maharagi haina muntu. Ile sista hakuandika ku ubao, lakini muntu mwenye iko na macho anaona.

Nikasema tu: "Sawa, mama."

Wageni wakafika mu motokari, kamyonete ya bwana ajenti. Watu wakaimba. Kiwanja ilikuwa imefagiwa, alama ya mufagio inaonekana sawa kitambaa ya mistari. Wakakalishwa, wakapewa maji ya kunawa, kisha kuku, wali, samaki, sombe ya mawese. Bwana ajenti alikula sawa muntu ya nyumba. Alikuwa anawaambia wengine kwa kifaransa: munaona, munaona. Dokteri alishika mikono ya watoto wa mbele, akafunua macho yao, akaandika. Madamu alikula na vidole, na wanawake walipenda sana, wakapiga vigelegele. Mimi pia nilipenda.

Akamuuliza mama mudogo iko na watoto wangapi. Tatu. Wako wapi? Wawili walikuwa pale. Na wa mwisho?

"Iko kwa nyanya yake," mama mudogo akasema.

Nikafasiria vile. Ile ilikuwa neno yake, nilibeba vile alinipa.

Lakini kisha madamu alisimama, akaniita tutembee naye mupaka ku kamyonete. Tulikuwa wawili tu. Alipangusa shingo, akageuka nyuma akaangalia kijiji, na akaniuliza, mimi, hapana wamama: "Na weye? Umeona mutoto mugonjwa hapa?"

Jikoni ya mama mudogo ilikuwa nyuma ya nyumba ya tatu. Ningeinua kidole tu.

Nikasema: "Non, madame."

Nimetafuta sana juu ya nini nilisema vile. Si woga, bwana ajenti alikuwa mbali. Si juu ya mama mudogo peke yake. Ni juu yule madamu alikuwa amekula kuku yetu akaisifia, na mbele ya kula alisema kifaransa yangu ni muzuri, na nilitaka aende na ile picha: watu wasafi, watoto wanangaa, musichana anasema vizuri. Sikutaka atuhurumie. Sasa naona ilikuwa rahisi mimi kukataa huruma, juu mimi nilikuwa na cha kula.

Kisha wiki kadhaa bwana ajenti akarudi ku kijiji, akakusanya watu. Akawaambia wamesifiwa. Nyumba ya maziwa itajengwa ku njia ya Punia, kwa watu wenye hawajui kukula; hapa, juu munakula vizuri na muko na nguvu, kila mwanaume ataongezewa kipimo ya shamba ya pamba. Watu wakapiga mikono. Mama mudogo mwenyewe alinielezea ile, siku alifika kwetu na mutoto ku mugongo. "Hata mimi nilipiga mikono," akasema. Na mupunga ya mbegu ilikuwa imelikwa, na kuku hakuna, na mvua ilikuwa imeanza.

Basi vile njo tulikuwa, baba na mimi, mu ile muchana.

"Na unataka kufanya nini?" baba akauliza. "Uende ku biro ya bwana ajenti useme ulidanganya wazungu?"

"Ndiyo."

"Masista wanataka kukutuma Stanleyville kusoma ualimu. Wangapi hapa Kindu wamepata ile? Watakufukuza kesho."

"Wanifukuze."

"Ni mudomo tu inasema."

Alikuwa na haki. Ni mudomo ilisema. Stanleyville nilikuwa nimeishaiwaza mupaka kitanda yenye nitalalia.

"Na shefu? Bwana ajenti atamufanyia nini, akisikia walificha watoto? Umewaza ile? Hapana. Weye ukiwaka, unawaka tu."

"Baba, niliulizwa! Hakuna muntu mwingine aliulizwa. Nilijua maziwa itawekwa pale kuna wagonjwa, nilijua mutoto iko jikoni, nikasema hapana!"

Inje, muchi ikanyamaza mu kinu.

Mama mudogo akaja ku mulango. Majani ya sombe ilikuwa imemushika ku mikono mupaka ku kiwiko. Hakuingia.

"Ulijua nini?"

Baba akasimama. "Shemeji, huyu iko na hasira tu, usimu..."

"Acha, shemeji. Ulijua nini, mama?" Ananiitaka mama, juu mimi nilipewa jina ya mama yake.

Nikamwambia. Neno ya kwanza na neno ya pili, na ile ya ku kamyonete. Nilisema mbio mbio juu nikisimama sitamaliza.

"Alikuuliza weye peke yako?"

"Mimi peke yangu."

"Kwa kifaransa?"

"Kwa kifaransa."

Akakaa ku kizingiti. Nilingojea anitukane. Akacheka, kidogo, bila sauti.

"Na ile kuku yangu ya mayai," akasema. "Nililia juu yake, unajua? Nikaenda nyuma ya nyumba kulia juu ya kuku. Kumbe nilikuwa nawalipa waende na maziwa."

Kisha akanigeukia.

"Mimi nilimuficha mu jikoni. Weye ulimuficha mu kifaransa. Jikoni, muntu anaweza kusukuma mulango."

Baba akavaa kofia yake. Akaitosha tena. Saa nane ilikuwa inapita na hakwenda.

"Mama," nikasema, "nipe mutoto, nimupeleke ku biro. Wamuone."

"Wakaulize juu ya hii tumbo?"

"Hawataiuliza. Kwao ile maneno haiko. Kwao ni chakula tu."

"Chakula tu?"

"Chakula tu. Muhogo kila siku. Sista alitufundisha, nilikuwa nayo mu daftari. Si weye, si mume yako, si mimba."

Pale njo niliona kosa yangu ingine, yenye sikuwa nimehesabu.

"Miezi yote hii," akasema, "sijamuangalia mume yangu mu macho. Nalala kwa watoto. Mama mukwe anaimba, naitikia mu roho asema iko na haki. Na weye ulikuwa nayo mu daftari."

Ningepiga magoti. Sikufanya, nilisimama tu sawa kijiti. Niliona tu vile nilimwambia "Sawa, mama" mule jikoni, na vile ilikuwa rahisi.

Alisimama, akajipangusa mikono ku kikwembe. "Mimi sitakwenda ku biro," akasema. "Mimi nilikosa kwa kutojua. Weye mupeleke. Na usimufunike." Akarudi ku kinu. Muchi ikaanza tena, nzito.

Baba alichelewa kazi ile siku, ya kwanza mu maisha yake. Mbele ya kutoka aliniambia, bila kuniangalia, asema wazungu ya maziwa bado hawajarudi kwao. Anajua juu yeye njo aliwaandikia nafasi ku treni. Wako Punia, watapita Kindu tena. Kisha akasema: "Sikukutuma." Nikasema: "Hukunituma, baba."

Mangaribi nilimulisha mudogo yangu uji na kijiko, akakula mbili, akageuza kichwa. Nilimushika pale ku mapaja mupaka uji ikapoa. Na niliamua. Kesho asubuhi, mbele ya kengele ya kazi, nitamubeba ku mugongo, kichwa na miguu wazi, nitapita njia ya soko, ile yenye iko na watu, sitapita nyuma. Nitasimama ku musururu ya biro mupaka zamu yangu. Nitamwambia bwana ajenti kwa kifaransa asema shefu hakunituma kudanganya, wamama hawakuulizwa, mwenye aliulizwa ni mimi na nilisema uongo, na kijiji yote iko na watoto sawa huyu ku vibanda ya mashamba, juu pamba ilikula mvua yao. Nitaomba aandike. Akikataa, nitangojea madamu ku gare, treni kwa treni. Na nikimaliza kifaransa, nitageukia wale watu ya musururu, niseme yote tena kwa kiswahili, pole pole, hata kama watacheka.